Waridi Mwenye Kiu

"Mjomba, ua likishakatwa, si limekufa?"

Ah! Aliyeuliza hivyo apigiwe makofi. Kuna maswali ya kujibiwa mtu akiwa anavaa viatu, na kuna maswali ya kutandikia mkeka. Hili ni la mkeka. Kaeni, wapwa zangu. Mdogo kuliko wote apite mbele, na mrefu asimzibe mwenzake.

Jibu fupi ni hili: halijafa. Ua lililokatwa bado linakunywa. Limeachana na mizizi, limeachana na udongo, lakini bado linapumua, bado linafunguka, bado linakunywa. Jibu refu ni hadithi ya Waridi.

Waridi alizaliwa Naivasha, katika Bonde la Ufa, nchini Kenya. Huko kuna ziwa la maji matamu, yasiyo na chumvi, na viboko wanaogelea humo. Kando ya ziwa yamejengwa mabanda marefu ya plastiki, moja baada ya jingine, na ndani yake mnaoteshwa maua. Naivasha iko juu sana kutoka usawa wa bahari, karibu mita 1,900. Mchana jua kali, usiku baridi. Waridi alipenda hivyo. Mchana alikula jua, usiku alipoa, na kichwa chake kikanenepa taratibu, bila haraka.

Asubuhi moja akasikia: kwa! Mkasi huo. Kabla hajauliza kuna nini, yumo ndani ya ndoo ya maji. Mama aliyemkata hakumlaza mezani kwanza ili apige soga na wenzake. Mkasi, ndoo. Mkasi, ndoo. Wanaofanya kazi hiyo wanajua siri moja, nami nitawaambia mbele kidogo. Msinikimbize.

Kutoka kwenye ndoo, Waridi akaingizwa chumba cha baridi. Nyuzi chache tu juu ya sifuri!

"Mjomba, mbona wanamtia baridi? Hataugua?"

Swali zuri sana. Wewe na mimi tungeugua. Ua likipata baridi linapunguza mwendo. Linapumua polepole, linakunywa polepole, linazeeka polepole. Baridi haimrudishii Waridi ujana. Inamchelewesha tu asizeeke kabla hajafika kwa watu.

Dada zake wakapangwa kwenye maboksi, wakapakiwa kwenye lori la baridi, wakafikishwa Nairobi, na usiku huohuo wakapanda ndege. Dada wengi wa Waridi huenda Uholanzi, kwenye mji unaoitwa Aalsmeer, penye mnada mkubwa wa maua kuliko yote mnayoweza kuifikiria. Na mnada wa huko una vituko! Sisi tumezoea bei kupanda: huyu anasema mia, yule anasema mia na hamsini, mwingine anaguna na kuongeza. Huko bei inaanzia juu. Kuna saa ya mnada, na bei inashuka, inashuka, inashuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye aliyenunua. Ukiwahi, umelipa ghali. Ukisubiri, mwenzako kachukua. Mimi ningekuwa pale ningebaki nimetoa macho, na maua yote yangekwisha.

Lakini hiyo ni safari ya dada zake. Waridi wetu hakupanda ndege. Shina lake lilikuwa fupi kidogo, na wanunuzi wa ng'ambo wanapenda shina refu. Basi akapelekwa Nairobi mjini, City Market, kwa wauza maua wa mtaa wa Muindi Mbingu. Hapo akapita mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa anarudi nyumbani. Akamnunua Waridi pamoja na wenzake tisa, wakazungushiwa gazeti, wakapanda basi.

Basi la mchana, wapwa zangu. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 500. Na joto la Voi, huko njiani, mnalijua. Hakuna ndoo, hakuna chumba cha baridi, hakuna hata kitambaa chenye unyevu.

Walipofika Mombasa, shingo zilikuwa zimelegea. Shingo ya waridi ni pale chini kidogo ya kichwa, penye ulaini. Vichwa vyote kumi vilikuwa vinatazama sakafu. Mama akaguna, "Pesa zangu hizo!" Watu wa nyumbani wakachukua jagi la sharubati, wakajaza maji, wakawatia humo. Ikapita saa moja. Zikapita saa mbili. Vichwa bado chini.

Juma, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, akasema, "Yamekufa hayo. Tuyatupe."

Mdogo wake, Mwanaidi, hakukubali. Huyu Mwanaidi ni mtoto wa kuuliza. Akiambiwa jua linazama, anauliza linazama wapi. Akapiga magoti mbele ya jagi, akanong'ona:

"Waridi, una nini?"

"Nina kiu," akasema Waridi.

"Kiu? Si umesimama majini!"

"Nimesimama majini, na nina kiu."

Haya, fumbo hilo. Amesimama majini na ana kiu. Nani atalitegua? Fikirini kidogo. Nitakunywa chai yangu nikisubiri.

Hakuna? Basi fikirini dafu. Muuzaji amelikata juu, amekutilia mrija. Unavuta, maji yanapanda, raha tupu. Sasa uinue mrija kidogo, ncha yake itoke majini. Vuta. Srrrr! Unakunywa hewa. Au nyama ya dafu iingie ndani ya mrija na kuuziba. Vuta tena. Mashavu yanaingia ndani, macho yanatoka nje, na hupati hata tone. Dafu limejaa maji, na wewe una kiu.

Shina la Waridi limejaa mirija. Ni mingi sana, tena myembamba kuliko unywele wako. Ndani ya kila mrija maji yamejipanga kama uzi mmoja, kutoka chini kabisa mpaka kwenye ua, bila kukatika. Waridi akikatwa nje ya maji, huku juu anaendelea kuvuta. Anavuta nini? Hewa. Hewa inaingia kwa chini, inakaa pale kama kizibo. Baadaye hata ukimtumbukiza kwenye kisima, kizibo kipo. Uzi wa maji umekatika. Ndiyo siri ya yule mama wa Naivasha: mkasi, ndoo, mkasi, ndoo. Hakutaka hewa iwahi.

"Lakini mjomba, Waridi hana mdomo. Nani anavuta?"

Mnamsikia huyu? Hata watu wazima hawakumbuki kuuliza hilo. Njoo nikushike mkono.

Wanaovuta ni majani. Kila jani la waridi lina vitundu vidogo mno upande wa chini, hata macho yako makali hayavioni. Kupitia vitundu hivyo maji hutoka yakawa mvuke, yakaenda na upepo. Na maji yana tabia ya kushikana. Chembe moja ikitoka juu, inamvuta aliye chini yake, naye anamvuta wa chini yake, mpaka huko mwisho wa shina. Hakuna mdomo wala pampu. Jua linakausha jani, jani linavuta mrija, na jagi linapungua maji bila mtu kulimwaga.

Zamani, huko Uingereza, kwenye kijiji cha Teddington, alikuwako kasisi aliyeitwa Stephen Hales. Kasisi huyu alikuwa Mwanaidi wa zama zake. Mwaka 1724 alichukua alizeti yenye urefu wa kama mita moja, iliyopandwa ndani ya chungu. Akakifunika chungu mdomo barabara ili maji ya udongo yasitoroke pembeni. Kisha akawa anakipima uzito, asubuhi na jioni, siku baada ya siku. Alizeti ile ilikuwa ikipoteza zaidi ya nusu kilo ya maji kwa saa 12 za mchana! Usiku ilipoteza kidogo tu. Yote hayo yalipita kwenye majani. Mwaka 1727 akayaandika kitabuni. Mimi nampenda Hales kwa jambo moja: hakuhitaji mashine ya ajabu. Mzani, chungu, na subira.

Sasa turudi kwa Waridi, maana shingo yake bado imelegea.

Mwanaidi akamkimbilia bibi yake. "Bibi, ana hewa kwenye mrija!" Bibi hakucheka. Akachukua kisu, akakipitisha kwenye jiwe la kunolea mpaka kikang'aa. Hapo sikilizeni, kuna sababu. Kisu butu au mkasi mbovu hauikati mirija, unaiponda. Na mrija uliopondwa ni mrija uliozibwa. Kuna watu huchukua nyundo wakaponda mwisho wa shina, wakidhani wanalifungulia njia. Wanalifungia.

Bibi akajaza ndoo. Akazamisha miguu ya Waridi, na hukohuko chini ya maji akakata kipande cha kama vidole viwili kwa upana. Kwa nini chini ya maji? Ili mrija ukifunguka ukutane na maji, hewa isipate nafasi. Akakata kwa kukingama, mshazari, ili mguu usikae bapa kwenye sakafu ya jagi na kujiziba wenyewe. Kipande kile kilichokatwa kiliondoka na kizibo chake cha hewa.

"Ah," akasema Waridi.

Halafu Bibi akawakata wenzake vivyo hivyo, akayatoa majani yote ambayo yangezama majini. Akawazungushia wote kumi gazeti, akalibana kidogo, vichwa vikasimama wima kama watoto wa shule kwenye mstari. Akaitia ndoo maji mengi, akaiweka chooni kwenye kivuli na ubaridi, mbali na dirisha, mbali na feni.

"Kwa nini mbali na feni, Bibi? Si atapata hewa nzuri?"

"Feni itamkausha majani," akasema Bibi. "Sasa hivi hatutaki avutwe sana. Tunataka anywe kuliko anavyotoka jasho."

Bibi huyu hakusoma kitabu cha Hales. Lakini sikia anavyosema.

Asubuhi Mwanaidi aliamka kabla ya jogoo wa jirani. Akafungua gazeti. Vichwa tisa vilikuwa vimeinuka. Kimoja kilikataa, shingo yake ilikuwa imekwisha kukauka. Hivyo ndivyo ilivyo, wapwa zangu. Si kila ua hurudi. Lakini tisa kwa kumi, kwa kisu na ndoo tu! Juma akaja, akatazama, akajikuna kichwa, akaenda kupiga mswaki.

Wakahamishiwa kwenye jagi sebuleni. Siku ya kwanza maji safi. Siku ya pili maji safi kidogo. Siku ya tatu Mwanaidi akayanusa. Yalikuwa na harufu ya mtaro.

"Kuna nani humo?" akauliza.

"Sisi!" zikajibu sauti nyingi, nyembamba, ndani ya maji. "Sisi vijidudu! Tuliingia wawili, sasa hatuhesabiki. Mahali pazuri hapa. Pana joto, pana chakula. Kuna jani moja mlilisahau chini huku, limeoza, tamu kweli!"

Vijidudu hawamchukii Waridi. Wanakula na kuzaana, basi. Lakini wanapozaana wanatengeneza ute, na ute ule unaingia kwenye mirija. Mnakumbuka nyama ya dafu? Ndiyo hiyo. Hewa haipo tena, ila mrija umezibwa vilevile, na shingo itaanza kulegea mara ya pili.

Kwa hiyo maji yabadilishwe kila siku, au kila baada ya siku moja kama mna kazi nyingi. Msiongeze maji mapya juu ya yale ya zamani; huko ni kuwakaribisha vijidudu maji ya kuogea. Mwageni yote. Jagi lisuguliwe kwa sabuni, hata kule ndani kunakoteleza. Shina likatwe tena kidogo. Nikiulizwa nichague jambo moja tu la kumfanyia Waridi, nitachagua hili la jagi safi, kabla ya dawa yoyote. Watu wanatia aspirini, wanatia sarafu, wanatia soda. Maji safi yanavishinda vyote hivyo.

Siku ya nne Juma naye akataka kusaidia. Akasema, "Ua linahitaji chakula." Akatia vijiko vinne vya sukari, akakoroga. Jioni maji yalikuwa meupe kama maji ya mchele.

"Juma alikosea, mjomba?"

Nusu yake alipatia, na tumsifu kwa nusu hiyo. Waridi aliyekatwa hana majani ya kutosha ya kujipikia, wala mizizi. Sukari kweli humsaidia afunguke. Lakini sukari ni chakula cha vijidudu pia, na wao hula haraka kuliko Waridi. Ndiyo maana zile pakiti ndogo za unga zinazouzwa pamoja na maua huwa na vitu vitatu: sukari ya kulilisha ua, asidi ya kuyafanya maji yapande vizuri, na dawa ya kuwazuia vijidudu. Sukari haiachwi peke yake. Kama hamna pakiti, kwa lita moja ya maji tieni kijiko kimoja cha chai cha sukari na kimoja cha maji ya ndimu, na maji hayo yasilale zaidi ya siku moja. Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, ni kazi ya mkubwa, ya kuoshea jagi na kulisuuza sana. Wala isichanganywe na ndimu, itatoa hewa mbaya ya kuunguza kifua.

Siku ya tano yakatokea mengine tena. Maji safi, jagi safi, shina limekatwa, na bado petali mbili zikadondoka. Mwanaidi akatazama mezani. Kando ya jagi palikuwa na sinia, na ndani ya sinia kichane cha ndizi, zimeiva hasa, zimeanza madoadoa.

"Ndizi, umemfanya nini Waridi?"

"Mimi?" Ndizi akashtuka. "Sijamgusa! Mimi nimekaa zangu, ninaiva."

Na Ndizi alisema kweli. Kosa lake ni kuiva. Tunda linapoiva hutoa hewa fulani usiyoiona wala huwezi kuinusa kwa kiasi hicho. Inaitwa ethilini. Hewa hiyo huyaambia matunda mengine: haya, iveni! Bibi zenu wanaijua kazi yake hata kama hawaijui kwa jina. Wanapovundika ndizi, wanazifunika zikabanana ndani ya chombo au shimo, hiyo hewa isitoke, zikaivishana. Lakini ua likisikia neno hilohilo, lenyewe halina cha kuivisha. Linazeeka. Linaangusha petali. Yale maua ya mapindo mapindo yanayoitwa karnesheni huisikia haraka mno. Mawaridi hutofautiana, mengine hayajali, mengine huanguka mapema.

Aliyeigundua kazi ya hewa hiyo kwenye mimea alikuwa kijana wa Urusi, Dimitry Neljubow, mjini St. Petersburg, mwaka 1901. Alikuwa anaotesha njegere ndani ya maabara, na njegere zake zilikataa kwenda juu. Zilinenepa, zikafupika, zikalala upande. Zikiwekwa kwenye hewa ya nje, zinasimama. Akatafuta, akatafuta, akaona sababu ni gesi ya taa iliyokuwa ikivuja mle ndani, na ndani ya gesi hiyo mna ethilini. Mwingine angezitupa njegere zilizopinda. Yeye aliuliza zimepindwa na nini.

Mwanaidi akahamisha sinia jikoni. Ndizi akaenda bila kinyongo, kesho yake akaliwa.

Hapa Bibi aliniachia kazi ya kueleza, kwa sababu jioni hiyo alikaa barazani akitunga kikuba. Mnajua kikuba: asumini, rehani, na mkadi, vimefungwa pamoja vizuri, mwanamke anakichomeka nyweleni au anakibandika kifuani. Asumini huchumwa ingali kichomozo, alasiri jua likipoa, na hufunguka usiku, harufu ikajaa chumba. Mwanaidi akamwambia, "Bibi, mbona kikuba hakina maji? Kitakufa kesho!" Bibi akakinyunyizia maji kidogo, akasema, "Ya leo ni ya leo." Na mimi nakubaliana naye. Kuna maua ya jagi na kuna maua ya usiku mmoja. Asumini ya kikuba imekunywa ikiwa mtini, na inatumia akiba ile. Hakuna haja ya kuibebea ndoo.

Lakini Mwanaidi alikuwa amekolea na habari ya kiu. Kila mmea akaona una kiu. Kule uani kulikuwa na mnanaa kwenye kopo la mafuta. Akaumwagilia asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Baada ya siku kadhaa majani yakawa ya manjano.

"Una kiu?" akamuuliza.

"Ninazama," akasema Mnanaa.

Eh! Mmoja kiu, mwingine anazama. Hapo lazima tutofautishe. Waridi wa jagi hana mizizi. Mirija yake iko wazi, inataka maji tu. Mnanaa ana mizizi, na mizizi hupumua. Katikati ya chembe za udongo mna nafasi ndogondogo zenye hewa. Ukimwaga maji bila kupumzika, nafasi zote zinajaa maji, mizizi inakosa pumzi, inaoza. Na mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana mmea uliozidishiwa maji hunyauka sawasawa na ule uliokauka, na mtu akiuona hukimbia kuongeza maji! Kopo lile halikuwa hata na tundu chini. Juma akalitoboa kwa msumari, maji meusi yakatoka. Tangu hapo Mwanaidi hutia kidole udongoni kwanza, mpaka kwenye kiungo cha pili. Kidole kikitoka kikavu, anamwagilia. Kikitoka na udongo uliogandama, anamwacha.

Kwa mimea ya bustani, asubuhi ndiyo saa nzuri, jua halijaanza kuwa kali. Na mwagilieni mpaka maji yashuke chini, kisha mkae siku kadhaa. Mkinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi hubaki juu juu, na siku mkisafiri bustani yote inalala.

Jumamosi, Juma akatoka na fyekeo kukata nyasi za mbele ya nyumba. Mwanaidi akamfuata mbio.

"Juma, ngoja! Ukizikata zitakuwa na kiu! Tutapata wapi jagi la nyasi zote hizi?"

Ukoka akacheka chini kule, akacheka mpaka umande ukadondoka. "Kata, Juma, kata! Mimi sikui kutoka kichwani!"

Na kweli. Mimea mingi hukua kutoka nchani, juu. Ukoka na nyasi wenzake hukua kutoka chini, karibu na udongo. Ng'ombe anakula ncha, fyekeo linakata ncha, na pale chini kazi inaendelea. Kipande kilichokatwa kinakauka, ndiyo, lakini aliyebaki ana mizizi yake na mahali pake pa kukulia. Ndiyo sababu nyasi zinavumilia ng'ombe, mbuzi, mpira wa miguu na Juma.

"Basi tuzikate ziishe kabisa, mjomba, tusikate tena mpaka mwaka ujao!"

Hapana, hapana! Jani ndilo jiko lake. Ukimkata Ukoka mpaka udongo uonekane, umemvunjia jiko. Atadhoofika, na magugu yataona jua na kuota hapo. Kata theluthi moja ya urefu, si zaidi, ukirudi mara kwa mara. Na vipande vifupi viacheni hapohapo, vitaoza na kumlisha. Wengi huvifagia na kuvichoma moto, jambo linalonisikitisha kila ninapopita na kuuona moshi.

Jamaa mmoja wa Ukoka anaitwa nyasi za kikuyu. Asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki. Leo ametanda Afrika Kusini, Australia, hata California. Wengine huko wanamtunza kwenye viwanja vyao, wengine wanamng'oa kwa hasira wakimwita gugu, naye anatambaa tu, hana habari.

Waridi aliishi kwenye jagi lile zaidi ya wiki moja, jambo ambalo kwa joto la Mombasa si haba. Petali zilipoanguka zote, Mwanaidi alimpeleka kwenye lundo la maganda nyuma ya nyumba, pamoja na maganda ya zile ndizi.

Sasa ninyi. Mmesikia habari ya mirija, lakini mmeniamini tu kwa maneno, na mimi sipendi kuaminiwa kwa maneno. Tafuteni ua jeupe lenye shina: waridi jeupe au karnesheni nyeupe. Jekundu halitawaonyesha kitu. Mtu mzima alipasue shina katikati kwa wembe, kuanzia chini, kama urefu wa mkono wako kutoka ncha ya kidole hadi mwisho wa kiganja. Mguu mmoja utieni kwenye glasi ya maji yenye rangi nyekundu ya chakula, na mguu wa pili kwenye glasi yenye rangi ya buluu. Rangi iwe nyingi. Liacheni mpaka kesho, na muwe mnalitazama kila baada ya saa chache. Kabla hamjaanza, kila mmoja aandike anachodhani: ua lote litakuwa zambarau, au litagawanyika? Na rangi itaonekana wapi kwanza, katikati ya ua au kwenye kingo za petali?